Jamaa Jikoni: Msaada Nao Una Hesabu Yake

Ndugu mkulima, mwezi huu sitakuandikia habari za mbolea wala za kuogesha ng'ombe. Nataka tuingie jikoni. Najua wako watakaosema, "Karani wa kilimo ana kazi gani na sufuria?" Lakini hebu tazama barabara ipitayo mbele ya shamba lako siku ya Jumamosi, hasa mwezi wa Agosti na wa Desemba. Utaona gari limepakia sufuria kubwa, kuni na magunia ya viazi, na mabibi watano au sita wamekaa juu yake. Hao wanakwenda kupika arusi, au mkutano wa chama cha maziwa, au siku ya wazazi shuleni. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya majirani. Siku hizi ni biashara, na kwetu sisi wa mashamba ya skimu ni biashara inayofuata shamba kama ndama afuatavyo mama yake: viazi ni vyako, kabichi ni zako, maziwa ni yako, na mikono ya kufanya kazi ni ya jamaa zako.

Ni hiyo mikono ya jamaa nitakayo kuisema. Watu wengi huihesabu kuwa ni bure. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipoona jinsi kitu hicho cha bure kilivyokaribia kumwuza mtamba wa dada yangu.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua. Shamba lao ni sehemu ya shamba alilopewa baba wa shemeji yangu wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa katika miaka ya 1960. Ndugu wamekwisha gawana, na lililobaki kwao ni ekari 4 za viazi, kabichi na majani ya ng'ombe. Wewe uliye katika skimu wajua mwenyewe: ekari hazizai ekari, lakini watoto huzaliwa na karo huongezeka.

Alianza kidogo sana. Kila asubuhi alipopeleka maziwa kwenye kituo aliona watu wamesimama katika baridi wakingoja gari, mikono imefichwa makwapani. Siku moja akaja na chupa mbili za chai na ndoo ya mandazi. Pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 ilimpa mandazi hamsini hivi, naye aliyauza yakaisha kabla gari halijafika. Mtoto alipuliza moto, nyanya yao aliangalia mafuta, baba yao alipasua kuni. Hakuna aliyeuliza malipo, na kwa kweli kwa ndoo moja ya mandazi hapakuwa na haja. Lakini desturi iliwekwa hapo. Kazi ilipokuwa kubwa, desturi ilibaki ile ile ya ndoo moja.

Chama cha maziwa kilimwita kupika chakula cha watu 60 siku ya mkutano wa mwaka. Wakala, wakashiba, wakamsifu. Baada ya hapo zikaja arusi.

ARUSI YA WATU 150

Mwezi wa Agosti, mwaka 2023, alipata kazi ya arusi ya watu 150 kwa shilingi 300 kila sahani. Jumla ni shilingi 45,000. Alipokea nusu kwanza, kama ifaavyo, na nusu ingelipwa baada ya watu kula. Akapiga simu kwa jamaa wanane waje kumsaidia.

Walikuja 19. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa ziada, pamoja na mke wangu na watoto, maana nilisema moyoni kwamba dada ana kazi kubwa na ni aibu kukaa nyumbani. Nakuungamia, ndugu msomaji, kazi yote niliyofanya siku ile ilikuwa ni kushusha sufuria moja kutoka garini. Kisha nikakaa kivulini na kikombe cha chai. Saa sita nikaletewa sahani ya pilau, na baadaye mke wangu akafungiwa nyama na chapati za kwenda nazo nyumbani, kama desturi yetu ilivyo kwa mtu aliyekuja kusaidia.

Dada alikuwa amepika sahani 160, kumi zikiwa za tahadhari. Kabla mgeni wa kwanza hajapakuliwa, sahani 40 zilikuwa zimekwisha toka kwa mlango wa nyuma. Hapana mtu aliyeiba. Kila mmoja alichukua moja yake, na moja ya mtoto wake, na ya rafiki aliyempakia kwa pikipiki. Basi zikabaki 120, na wageni ni 150. Wale waliokosa, kwa bahati mbaya, walikuwa wazee wa upande wa bibi arusi, kwa sababu walikuwa bado hemani wakisikiliza hotuba. Waliletewa kabichi na mchuzi usio na nyama. Nilimwona dada yangu akisimama nyuma ya hema na mwiko mkononi, hana la kusema.

Mwenye arusi alikata shilingi 9,000, yaani bei ya sahani 30. Hakukosea. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo.

CHUKUA KALAMU

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na tabia ya ubao haijanitoka. Basi chukua kalamu tuhesabu pamoja. Dada alilipwa 36,000. Vitu alivyonunua kwa pesa taslimu, yaani nyama, mchele, unga, mafuta, viungo na vitunguu, kuni, pamoja na gari la kukodi, vilikuwa 29,000. Yeye alisema amebakiwa na faida ya 7,000, na akajipa moyo kwamba hata kwa aibu ile amepata kitu.

Sasa tazama alivyosahau. Magunia 2 ya viazi ya kilo 50 yalitoka shambani; mnunuzi wa pale langoni angempa 2,000 kwa kila gunia, ndiyo 4,000. Kabichi 25 kwa shilingi 30 ni 750. Maziwa lita 30 kwa 45, bei ya chama wakati ule, ni 1,350. Jumla ya vitu vya shamba ni 6,100. Toa katika ile 7,000, zimebaki 900.

Bado hujahesabu watu. Jamaa wanane walifanya kazi kweli siku mbili: siku ya kumenya, kuchambua na kukanda, na siku yenyewe ya kupika. Kibarua wa kwao hulipwa 500 kwa siku. Nane mara mbili mara 500 ni 8,000. Ukitoa hizo katika 900 utaona kwamba arusi ile ilikuwa na hasara ya shilingi 7,100, nayo ililipwa na jamaa kwa jasho lao bila wao wenyewe kujua.

Labda utasema, "Jamaa hawadai." Kweli hawadai kwa mdomo. Lakini kaka mmoja aliyeacha viazi vyake ardhini siku mbili aliona mvua ikinyesha juu yake, na tangu siku ile hajapokea simu ya dada yangu. Hilo nalo ni deni, ingawa hakuliandika popote.

Mwisho wa mwezi mambo yakafika nyumbani. Chama kilipolipa, shemeji yangu aliona pesa zimepungua kwa shilingi 8,000 na zaidi. Alidhani kuna wizi katika mizani. Kumbe ni jiko: lita 5 kila siku za chai ya kituoni, kwa siku 30, ni lita 150, na zile 30 za arusi, zote ni lita 180. Kwa shilingi 45 ni 8,100. Hapana aliyeziandika. Na shule zilikuwa zinafunguliwa.

"Jiko lako linakunywa maziwa yangu," shemeji alisema.

"Ng'ombe ni wako wakati wa kulipwa," dada akamjibu. "Wakati wa kukamua ni wangu."

Kwa siku kadhaa hapakuwa na maneno mazuri katika nyumba ile. Mchuuzi wa ng'ombe alikuja akamzunguka mtamba, akamshika nundu na mbavu, akataja bei. Mtamba yule alikuwa na mimba ya miezi mitano.

MANENO YA NYANYA

Aliyeizuia biashara ile ya mchuuzi ni mama wa shemeji yangu, mzee ambaye siku hizi kazi yake ni kuota jua na kuchambua maharagwe. Alituita sote, hata mimi, Jumapili baada ya kanisa. Nilidhani atatukumbusha kupendana. La, alituuliza habari ya ngwatio.

Wasomaji wa nje ya nchi ya Wakikuyu huenda mnayo kwa jina jingine. Wakamba huiita mwethya, na Wajaluo huiita saga. Ni ile desturi ya kulimiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako.

"Nani aliwaambia kwamba ngwatio ilikuwa bure?" akauliza. "Tulipofika hapa hapakuwa na ua wala nyumba. Tulilima kwa mzee yule, tukaja kwangu, tukaenda kwa mwingine. Mwenye shamba alipika. Aliyekosa siku moja, wote walijua anadaiwa siku moja, na hakutulia mpaka ameilipa. Hatukuwa na kalamu, lakini tulihesabu. Ninyi mna kalamu na hamhesabu."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu wa ofisini, ulilima nini siku ile?"

Sikuwa na jibu.

DAFTARI LA JIKO

Siku ile ile tulinunua daftari la shule la kurasa 96. Nitakueleza jinsi wanavyolitumia, maana ndiyo sababu nimekuandikia.

Kwanza, jiko sasa hununua kutoka shambani. Lita ya maziwa inayokwenda jikoni huandikwa kwa bei ile ile ya chama, na mwisho wa mwezi dada humlipa shemeji, au huandika kwamba pesa hizo zimekwenda karo. Vivyo hivyo viazi na kabichi. Utaona ni mchezo wa kitoto, mke kumwuzia mume na mume kumwuzia mke, lakini ndiyo njia peke yake ya kujua ni mfuko upi unaotoboka. Jambo hili limeleta faida nyingine ambayo sikuitazamia. Zamani shemeji alikuwa akipeleka jikoni vile vilivyokataliwa na mnunuzi: viazi vilivyopigwa na jua vikawa kijani, mahindi yenye ukungu. Sasa jiko linalipa, nalo linakataa kama mnunuzi mwingine yeyote.

Na likatae. Kiazi cha kijani kina sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa. Mahindi ya ukungu ni hatari zaidi: mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu wa mahindi na 125 kati yao wakafa. Mahindi yale mengi yalikuwa ya mashambani mwao wenyewe. Usimpe mgeni wa arusi, wala mtoto wako, kile ambacho mnunuzi amekitupa.

Pili ni siku za watu. Kila jamaa anayeitwa huulizwa kabla, si baada: wataka shilingi 500 jioni, au wataka siku kwa siku? Wengi wamechagua siku kwa siku, maana Agosti ndio mwezi wa arusi na ndio mwezi wa kuchimba viazi, na mikono haitoshi popote. Mtu akimenya viazi jikoni kwa dada Ijumaa na Jumamosi, dada na watoto wake wakubwa watachimba viazi kwake siku mbili. Huandikwa, na zikilipwa hupigwa mstari. Wanaitwa wanane wanaotakiwa, basi. Wa tisa akija kwa hiari yake hukaribishwa chai kama mgeni, wala hashiki upawa.

Jambo la kula lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu lina heshima ndani yake. Huwezi kumwambia jamaa asile. Basi sasa wasaidizi hupikiwa githeri na chai katika sufuria yao wenyewe, nao hula saa nne, wakiwa wamekaa, kabla ya wageni kufika. Sahani za wageni zinasimamiwa na mdogo wake shemeji, kijana asiyecheka sana. Yeye hahesabu watu, huhesabu sahani. Akiletewa 160 hapana ya 161, wala hakuna itokayo isipokuwa kwa mkono wake. Kufunga chakula cha nyumbani kumebaki, ila hufanywa mwisho, baada ya mwenye karamu kusema kwamba watu wake wameshiba. Chakula kile ni mali yake, ameshakilipia.

Tatu, mtu mmoja hubaki nyumbani na ng'ombe. Siku ya ile arusi ng'ombe walikamuliwa saa tatu za usiku, viwele vimejaa kama ngoma, na mmoja akapata ugonjwa wa kiwele. Maziwa yake yalimwagwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya dawa. Mara nyingi abakiye ni shemeji mwenyewe, naye huandikiwa siku yake kama mwingine.

Habari ya watoto nitaisema kwa ufupi kwa kuwa haina mjadala. Binti yao wa sekondari alikuwa akikosa shule Ijumaa ili amenye viazi, na mwalimu wake alikuwa amekwisha andika barua mbili. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 13, na yule wa miaka 13 hadi 16 yaruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kusaidia Jumamosi au wakati wa likizo ni malezi mema. Ijumaa ya shule si yako, mzazi.

KABLA YA KUSHIKA UPAWA

Ndugu zako ni ndugu, lakini afisa wa afya hawajui kwa undugu. Kila mtu agusaye chakula cha kuuzwa apaswa kupimwa na kupewa cheti cha afya, na cheti hicho hurudiwa kila miezi 6. Yamhusu mpwa anayepakua wali na nyanya anayechambua maharagwe vile vile kama mwenye biashara. Pamoja na hicho, chukua kibali cha biashara cha kaunti. Usingoje mpaka gari la ukaguzi likukute hemani mbele ya wageni.

Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliokula katika mikutano mikubwa Nairobi, mahali penye sakafu za vigae na wapishi waliovaa kofia nyeupe. Kama kiliingia huko, kwenye hema lako kitaingia kwa urahisi zaidi. Ndoo ya maji yenye bomba na sabuni iwekwe jikoni kwanza, kabla ya mafiga kuwashwa. Mwenye kuhara, au mwenye kidonda kidoleni, apewe kazi ya kuni. Maharagwe mekundu yachemke sawasawa kwa moto mkali, yasipikwe kwa moto wa kufukiza tangu mwanzo, maana yana sumu inayoondolewa na mchemko. Wali na pilau visikae vuguvugu mchana kutwa vikingoja hotuba ziishe. Ama vikae juu ya makaa, vimoto hasa, au vipikwe kwa sufuria mbili, ya pili ianze wakati ya kwanza inapopakuliwa. Mukimo upondwe asubuhi ile ile. Ule wa usiku huchacha, na mgeni atajua kwa tonge la kwanza.

Kwa kipimo, dada yangu hupika kilo moja ya mchele kwa watu wanane. Kwa vijana wa mpira hupika kwa watano.

BEI MPYA

Baada ya kuhesabu vitu vya shamba na siku za watu, dada aliona kwamba shilingi 300 kwa sahani haifai, akapandisha hadi 350. Wateja wawili walimwacha. Hilo lilimwumiza, na shemeji alinung'unika wiki nzima kwamba daftari langu limefukuza wateja. Lakini rudi kwenye hesabu yetu ya watu 150: kwa 350 ni 52,500. Toa vitu vya kununua 29,000, toa vya shamba 6,100, toa siku za watu 8,000. Zimebaki 9,400. Mwanzoni, kabla ya arusi ile, dada alikuwa akitazamia 16,000, lakini zile zilikuwa pesa za ndotoni. Hizi 9,400 unaweza kupeleka shuleni.

Mtamba alizaa ndama jike mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Yule kaka aliyenyeshewa viazi bado hajarudi jikoni. Dada alimpelekea watu wawili kupalilia kwa siku mbili bila kuitwa, wakafanya kazi, wakapewa chai. Hakusema neno, lakini chai aliwapa.

Mwezi huu wamepata chakula cha siku ya wazazi, watu 80. Nilipopita kwao kuulizia habari ya mbegu za viazi, daftari lilikuwa mezani, nikalifungua. Jina langu liko ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wa binti yule wa shule: nadaiwa siku moja, na katika mabano ameandika "sufuria moja". Jumamosi nakwenda kuchimba.